Chuma Hiki Ni cha Nini? Kutambua Vyuma vya Ajabu Vinavyookotwa Shambani, Ufukweni na Porini

Bibi mmoja jirani yangu hapa Tanga alikuja karakana asubuhi, kitu amekifunga kwenye pindo la kanga kama mtu anavyofunga hela ya soko. Alikuwa akipalilia mihogo, jembe likagonga chuma.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hiki. Wajukuu wanasema nikakitupe baharini."

Akafungua. Jogoo wa chuma, mdogo kuliko kidole gumba, kifua mbele, mkia juu. Wajukuu walishakata shauri: kile ni kitu cha watu, kimezikwa makusudi. Nikamgeuza yule jogoo. Chini ya miguu palibaki kipande cha ribiti iliyokatika. Mkia ulikuwa umelika upande mmoja tu, laini kama kokoto ya mtoni, pale ambapo kidole cha mtu kimesukuma kila siku miaka nenda rudi. Lilikuwa komeo la pasi ya mkaa. Bibi alicheka mpaka akakaa juu ya boksi la vifaa. Pale kwenye mihogo, akasema, ndipo ilipokuwa nyumba ya mama mkwe wake, na pasi ile kaipigia nguo yeye mwenyewe.

Angenitajia nyumba ile tangu mwanzo, ningemjibu kabla hajafungua kanga. Kazi yangu ni kukereza vyuma, na kila wiki hakosi mtu wa kuniletea kitu akiuliza ni nini. Swali langu la kwanza siku zote ni moja: umekiokota wapi, na zamani pale palikuwa na nini? Umbo linadanganya sana. Gurudumu dogo lenye ukingo laweza kuwa la toroli, la mashine ya kusaga au la lango. Likitoka shamba la mkonge, maswali matatu yanakuwa moja.

Kabla hujakigusa

Sehemu hii isome hata kama nyingine utaziruka. Kama chuma chako kina lolote kati ya haya, kiache palepale, huenda ni bomu: umbo la chupa au nanasi lenye ncha upande mmoja, mkanda wa shaba nyekundu uliozunguka mwili karibu na kitako, mapezi mkiani, pini au pete ya kuvuta, kifuniko kidogo cha skrubu kwenye ncha, mara nyingi cha metali ya rangi tofauti na mwili.

Mkanda wa shaba ndio watu wengi hawaujui. Ni laini kuliko chuma, umewekwa ili ukamate mifereji ya ndani ya mzinga na kulizungusha kombora. Kama una mikwaruzo ya mshazari, kombora hilo lilishapigwa na huenda halikulipuka. Kama hauna, halijapigwa kabisa. Vyote viwili ni vibaya.

Usijifariji kwamba ni la zamani na limeoza kwa kutu. Makombora mengi ya Vita Kuu ya Kwanza yalijazwa asidi ya pikriki, nayo ikikaa na metali hutengeneza chumvi zinazoweza kulipuka kwa mguso mdogo. Uzee unaliongezea hatari. Kwetu vita hivyo havikupita mbali: Tanga palipiganwa Novemba 1914, meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ikazama delta ya Rufiji Julai 1915, Salaita karibu na Taveta Februari 1916, Mahiwa huko Lindi Oktoba 1917. Tena si vya zamani tu. Maghala ya silaha yalilipuka Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011, mabomu yakatawanyika kwenye makazi ya watu. Samburu na Laikipia kuna maeneo ya mazoezi ya kijeshi, na mashariki ya Kongo hakuna haja ya kueleza.

La kufanya: usikisogeze, usikigonge, usikimwagie maji. Rudi kwa njia uliyojia, weka alama kwa mbali, zuia watoto, mwambie mwenyekiti au chifu, piga polisi 112.

Hatari ya pili haionekani kabisa. Ukikuta kopo au kichupa cha chuma kizito kupita ukubwa wake, kina alama ya mapanga matatu yanayozunguka duara dogo, hicho kimebeba mionzi. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, vijana wawili waliingia hospitali iliyohamwa wakachukua kichwa cha mashine ya tiba ili wakauze kama skrepa. Ndani mlikuwa na siziamu, unga wenye mionzi unaong'aa buluu gizani. Watu wakagawana ule unga kama pambo. Wanne walikufa, na wengine zaidi ya 200 wakakutwa na uchafu huo mwilini. Kwa Tanzania wa kuambiwa ni Tume ya Nguvu za Atomiki, Kenya ni mamlaka yao ya udhibiti wa nyuklia, au polisi tu, wao watajua pa kupeleka.

Vifaa vya uchunguzi

Sumaku kutoka kwenye spika mbovu, burashi ya nyuzi za plastiki, maji, rula, chaki. Burashi ya waya na grainda viweke mbali. Nasema kwa uchungu: niliwahi kupewa bamba la kasti, chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, lenye maandishi yaliyofunikwa na kutu, nikalipitisha kwenye grainda "nisome vizuri". Nilisoma herufi mbili. Nyingine zote niliziondoa mimi. Siku hizi napaka chaki juu, nafuta kwa kiganja, chaki inabaki ndani ya herufi zilizochimbika. Kama herufi zimenyanyuka, weka karatasi juu usugue kwa kipande cha mkaa.

Herufi zilizonyanyuka zilitoka kwenye kalibu au kwenye kinu cha kuviringishia chuma, kwa hiyo ni jina la mtengenezaji, aina ya kifaa, pengine mwaka. Zilizodidimia ziligongwa kwa mhuri baadaye: namba ya kipuri, namba ya mali, jina la mwenye shamba. Watu huchanganya hizi mbili, wakaona 1938 iliyogongwa wakasema ni mwaka, kumbe ni namba ya toroli.

Dalili: sumaku haishiki

Tazama rangi ya uchafu wake. Kijani ni shaba nyekundu au shaba ya njano. Ikwangue kidogo mahali pasipoonekana ujue ni ipi. Unga mweupe juu ya kitu chepesi ni alumini. Kijivu, kizito, kucha inaacha alama: risasi. Ukiiokota ufukweni ikiwa na tundu au kishikizo, basi ni chubwi la mshipi au la wavu, na watoto wasichezee wala kuweka mdomoni.

Ufukweni kuna kitu kingine kinachowasumbua wengi. Bonge la kijivu-jeupe, limelika kama jibini iliyotafunwa na panya, katikati limepitiwa na ukanda wa chuma wenye matundu ya bolti. Nimeonyeshwa mabonge haya na watu walioapa kwamba ni madini. Ni zinki ya meli. Hufungwa kwenye tumbo la meli au karibu na propela ili maji ya chumvi yaile zinki badala ya kula chuma cha meli. Kulika kwake ndiyo kazi yake.

Misumari ya shaba nayo ina habari. Mitepe, vyombo vya zamani vya pwani yetu, ilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na majahazi mengi yalipigiliwa misumari ya chuma. Kwa hiyo ukikuta ufukweni msumari mnene wa shaba au bamba jembamba la shaba lenye matundu mengi pembeni, fikiria kwanza meli ya kigeni ya karne ya 18 au 19: zilivikwa shaba chini zisiliwe na wadudu wa mbao. Hapo ndipo pa kusimama na kuita watu wa Mambo ya Kale. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na hailindi kwa kupima uzito wa shaba kwenye mizani ya skrepa.

Dalili: sumaku inashika, kina matundu

Sahani ya chuma iliyobonyea kama karai, imelika ukingoni. Angalia katikati. Tundu la mraba: sahani ya haro ya trekta, huvaa kwenye shafti ya mraba pamoja na wenzake. Tundu la duara likizungukwa na matundu madogo manne, matano au sita: sahani ya plau. Wengine hugeuza hizi kuwa makaango ya kukaangia mihogo, na si wazo baya.

Kipande cha pembetatu chenye matundu mawili yaliyochongwa yapokee kichwa cha bolti kisitokeze, ni ncha ya plau la ng'ombe. Kibamba chembamba chenye kijigurudumu cha meno ubavuni, sumaku ikishika au isishike, ni mdomo wa kandili au jiko la utambi. Kijigurudumu ndicho hupandisha utambi. Ubao wa kasti uliotobolewa maua na herufi ni kanyagio la cherehani.

Kuhusu cherehani, niseme jambo. Bado kuna watu wanaonunua cherehani kuukuu kwa bei ya ajabu wakisaka "zebaki nyekundu", kitu cha kubuni kinachosemwa kina thamani kubwa, ndani yake. Uvumi huo ulifika mpaka Saudi Arabia mwaka 2009, bei za Singer kuukuu zikapaa. Ndani ya cherehani mna mafuta na vumbi la uzi. Uvumi huohuo umeua watu kusini mwa Afrika, waliopasua mabomu wakiitafuta. Ndugu yake ni hadithi ya hazina ya Mjerumani: mtu anakuja na ramani, anaonyesha jiwe lenye alama, anaomba mchango wa kuchimba, na safari hii shimoni "kumepatikana" kipande cha chuma kama ushahidi. Nimeletewa kipande cha namna hiyo. Kilikuwa krosi ya propela shafti ya lori, na beringi zake bado zina grisi.

Dalili: kirefu, kizito, kina umbo la reli au bakuli refu

Hapa kwetu hii ndiyo familia kubwa. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911. Ile ya kutoka Mombasa ilianza 1896, ikafika Kisumu 1901. Reli ya Kati nayo kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma 1914. Zote upana wa mita moja kati ya reli na reli. TAZARA iliyojengwa 1970 hadi 1975 ina milimita 1,067, ukikuta taruma zima, lile linalolazwa chini ya reli, unaweza kupima mwenyewe kati ya vishikizo.

Taruma la chuma ndilo "bakuli refu" watu wanalouliza: bamba lililokunjwa kama mtumbwi uliopinduliwa, ncha zimeshuka chini, juu kuna matundu mawili-mawili. Huku kwenye mchwa, taruma la mbao ni chakula. Mengi yamegeuka nguzo za uzio, vizingiti na madaraja ya mitaro.

Kama reli ni nyembamba, mtu mmoja anainua kipande cha mita mbili bila kuguna, basi haikubeba treni. Ni ya vitoroli vya shamba. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yalipopanuka yakatandaza vireli vya upana wa sentimita 60 hivi, kutoka mashambani hadi kwenye korona, mashine inayokwangua jani. Reli hizi huwa na kilo chini ya kumi kwa mita, wakati zile za kwanza za njia ya Mombasa zilikuwa na kilo 25 hivi. Pima kipande, kigawanye kwa urefu, umepata jibu.

Ukiwa karibu na korona la zamani, vyuma bapa vinene vyenye ukingo butu na matundu ya bolti ni mapanga ya ngoma yake. Yalifanywa butu makusudi. Makali yangekata nyuzi.

Kongwa, Urambo na Nachingwea wana yao. Mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, ulileta matrekta ya kila namna, mengine yakiwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa. Pingili nzito ya mnyororo yenye mapua mawili ya kupitishia pini, ikitoka Kongwa, haina maana kwamba vita vilipiganwa pale.

Nati ya mraba hudokeza uzee. Spana ya 13 ikipwaya kidogo na ya 12 ikakataa, una nusu inchi mkononi. Lakini usikimbilie kusema "ni ya Mwingereza": kabla ya Vita ya Kwanza Wajerumani nao walitumia sana nyuzi za Whitworth, zile za inchi.

Dalili: kimesimama wima ardhini

Usikichimbue. Bomba au nondo iliyozamishwa kwenye saruji, juu ina namba, ni bikoni ya mpimaji. Ukiing'oa umeingia kwenye ugomvi wa mipaka na kosa la jinai kwa mkupuo mmoja, na jirani yako hatasahau. Nondo nyembamba iliyovikwa shaba, karibu na nguzo au transfoma, ni ya kupeleka umeme ardhini endapo kuna hitilafu. Anayeikata auze shaba yake, kwanza ni shaba kidogo sana, pili anawaachia majirani nyumba zinazopiga shoti.

Dalili: bonge jeusi, zito, "limeanguka kutoka mbinguni"

Hili huletwa kwa heshima, limefungwa kitambaa. Mara nyingi ni mavi ya chuma.

Wazee wetu waliyeyusha chuma kwa makaa na mivukuto. Katuruka karibu na Bukoba kazi hiyo ina zaidi ya miaka 2,000. Ufipa walijenga tanuri refu kumzidi mtu. Ugweno huko Upare wahunzi walikuwa ukoo wa kuogopwa. Takataka iliyotiririka tanurini ikiganda inakuwa bonge jeusi, mara lina mng'ao wa kioo, mara lina mikunjo kama ugali uliomwagika. Livunje au litazame palipovunjika: utaona vijitundu vya mapovu. Ukipata karibu yake kipande cha udongo uliochomwa chenye umbo la bomba, hiyo ni kewa, mdomo wa mvukuto, na hapo hapana haja ya kubishana. Acha kuchimba. Umekaa juu ya kiwanda cha mababu, na mpangilio wa mabonge ardhini ndio wenye thamani kuliko mabonge yenyewe.

Kimondo hakina mapovu. Kile cha chuma ni kizito mno, sumaku inakikamata kwa pupa, na juu kina vibonyeo kama mtu amebonyeza udongo kwa kidole gumba. Kile cha mawe kina ganda jembamba jeusi, na ndani ni cha kijivu chenye vichembe vya metali. Kipimo rahisi ni kukisugua nyuma ya kigae cha ukutani, upande usiong'aa. Kikiacha mstari mwekundu-kahawia ni jiwe la hematiti; mweusi uliokolea ni magnetiti; kimondo kwa kawaida hakiachi kitu. Mwenye nafasi aende Mbozi, mkoani Songwe, akakione kile kikubwa: urefu wa mita tatu hivi, tani kati ya 12 na 16 kutegemea nani amekadiria, karibu asilimia 90 chuma na asilimia 9 hivi nikeli. Mpimaji aitwaye W. H. Nott alikitangaza kwa ulimwengu mwaka 1930. Wanyiha, wenyeji wa pale, hawakuwa na haja ya kutangaziwa. Watu walijaribu kukikata, na alama za misumeno zipo mpaka leo.

Dalili: kimeanguka kweli, watu wamekiona

Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, wanakijiji wa Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, walisikia mshindo. Walichokikuta kilikuwa pete ya metali yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi. Shirika la Anga la Kenya lilikuja, likaichukua, likasema kwa uchunguzi wa awali ni pete ya kutenganisha hatua za roketi, kitu ambacho kwa kawaida hutakiwa kiungue angani au kiangukie mahali pasipo na watu.

Vitu vya aina hii vina dalili zake: metali nyepesi kwa ukubwa wake na sumaku haishiki, kwa sababu ni alumini au titani, matundu ya bolti mengi mno yaliyopangwa kwa usahihi wa kushangaza, ukingo ulioyeyuka upande mmoja na mwingine mzima, au tufe lililofumwa kwa nyuzi nyeusi ngumu, ambalo ni tangi la gesi. Tangi ndilo la kuogopwa zaidi. Laweza kuwa na mabaki ya haidrazini, mafuta ya roketi yenye sumu. Usinuse wala kugusa. Na usimuuzie mtu: kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 nchi iliyorusha chombo hulipa madhara yake ardhini, lakini madai hayo hupitia serikalini, na ushahidi ni kile chuma pamoja na shimo lake.

Kisanduku chepesi cheupe chenye uzi na mpira uliopasuka si roketi. Ni kifaa cha watu wa hali ya hewa, hupandishwa kwa puto. Hakina neno.

Ukikwama, ukataka kumuuliza mtu

Picha moja ya mbali iliyotikisika haitoshi, na "ni kizito kiasi" si kipimo. Piga pande zote nne mchana kivulini, jua kali linafuta herufi. Weka sarafu au rula kando. Piga karibu palipovunjika, maana rangi ya ndani husema mengi: kasti ni ya kijivu yenye punje kama sukari, chuma cha kufuliwa kina nyuzi kama mbao. Taja uzito kwa kilo, sumaku imeshika au la, na kina chake ardhini. Muulize mzee wa mtaa pale palikuwa na nini kabla hamjahamia, uandike alichokujibu. Halafu piga picha ya shimo lenyewe, kabla hujalifukia.